Babe Didrikson: Dame wa Texas Aliyetwanga Mpira Hadi Mabuda Wakabaki Midomo Wazi

Kama umewahi kujaribu gofu unaijua hiyo aibu. Unainua fimbo, unachapa na nguvu zako zote, alafu mpira unatambaa kwa nyasi mita ishirini na kusimama. Hizo misuli za gym hazikukusaidia chochote.

Sasa cheki Mildred Didrikson, aliyejulikana na wote kama Babe. Alizaliwa 1911 huko Port Arthur, Texas, wazazi wahamiaji kutoka Norway, na akalelewa Beaumont. Hakuwa jitu. Lakini mpira wake ulikuwa unafika yadi 240 na ushee, enzi ambazo kichwa cha dreva (naongelea fimbo, si yule wa matatu) kilikuwa cha mbao.

Kabla ya gofu huyu dame alikuwa moto uwanjani. 1932, kwa mashindano ya riadha ya Marekani, kampuni ya bima aliyofanyia kazi ilimtuma peke yake kama timu nzima. Akapata pointi 30. Timu iliyokuwa namba mbili ilikuwa na wasichana 22 na ikapata pointi 22. Manze! Muda mfupi baadaye, Olimpiki ya Los Angeles, akabeba dhahabu ya mkuki na ya kuruka viunzi mita 80, plus fedha ya kuruka juu.

Shikilia hapo kwa mkuki, juu siri iko hapo. Mkuki hautupwi na mkono tu. Nguvu inaanzia kwa mguu, inapanda kwa kiuno, inapita bega, mkono unafika wa mwisho kama ncha ya kiboko. Gofu ni vile vile. Umbali unaletwa na speed ya kichwa cha fimbo kinapogusa mpira, na hiyo speed inatoka kwa kiuno kugeuka mapema na uzito kuhamia mguu wa mbele. Ukikaza mikono umejiibia yadi zako mwenyewe.

Lakini usidhani ni kipaji tu. Babe alikuwa anachapa hadi mipira 1,000 kwa siku moja. Viganja vikitoka damu, anafunga plasta na kuendelea.

1935 akashinda ubingwa wa wanawake wa Texas, na wenyewe wa gofu wakamnyima ridhaa, ati alishalipwa kwa michezo mingine. Magazeti nayo yalimchoma vibaya, yakiuliza kama huyu kweli ni mwanamke. 1938 akaenda kucheza na wanaume Los Angeles Open. Mchujo ulimshinda, lakini alipangwa kucheza na mwanamieleka mmoja, George Zaharias, na mwaka huo huo wakaoana. Si mbaya kwa siku uliyotolewa.

Ridhaa ilirudishwa 1943. 1945 akarudi kwa wanaume, na Phoenix na Tucson akapita mchujo. 1947 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza, kule Gullane, Scotland. 1950 alikuwa kati ya wanawake 13 walioanzisha LPGA, ndio maana madem leo wanalipwa kucheza hii kitu.

Alafu 1953 saratani ya utumbo ikampata. Akapasuliwa, akaachwa na mfuko wa choo tumboni. Wakati huo watu hawakutaja ugonjwa huo hata kwa familia, yeye akautangaza hadharani. Miezi michache baadaye alikuwa uwanjani. Na fikiria vile kiuno kinapinda ukichapa dreva, na yeye tumbo limekatwa. 1954 akashinda US Women's Open kwa tofauti ya mikwaju 12. Si mmoja wala wawili, 12!

Mwaka uliofuata saratani ikarudi. Alifariki Galveston, 27 Septemba 1956, akiwa na miaka 45. Fimbo zake za gofu zilikuwa zimesimamishwa kwa kona ya chumba chake cha hospitali.