Claude ZoBell, mtu aliyefuata mikrobi mpaka chini ya bahari

Claude ZoBell alizaliwa mwaka wa 1904 kule Utah, Marekani, mbali sana na bahari, akakulia Idaho, inchi ya mashamba. Mwaka wa 1932 aliingia taasisi ya Scripps, kule California, na hapo ndipo alitumika mpaka pensheni.

Siku zile, ukisema mikrobi, watu waliwaza magonjwa tu. Yeye aliuliza swali lingine: hizi za ndani ya maji ya chumvi zinakula nini, na zinafanya kazi gani? Alitengeneza chakula cha kuzikuza mu labo, kile kinaitwa 2216, na mpaka leo wachunguzi wanakitumia. Mwaka wa 1946 akatoa kitabu kizima juu yake.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ni ile ya chini kabisa. Mwaka wa 1951 alipanda meli ya Wadenmark, Galathea, mpaka kwenye shimo la bahari karibu na Ufilipino, lenye kina cha zaidi ya mita 10.000. Kule uzito wa maji unapita mara 1.000 uzito wa hewa tunayobeba hapa juu. Walipandisha matope, wakayafungia mikrobi ndani ya vyombo vya chuma na kuzikandamiza vilevile kama kule chini. Zikaota. Kumbe kuna viumbe ambavyo mzigo ule hauviui.

Sasa kuna jambo moja ambalo halikuenda vizuri. Mwaka wa 1955, yeye na mwanafunzi wake Richard Morita walichunguza matope yaliyochimbwa katikati ya Pasifiki. Kila waliposhuka, mikrobi zilipunguka. Kwenye mita 7 na nusu hivi hawakupata kitu tena, wakaandika kwamba hapo ndipo uhai unaishia. Ubaya ulikuwa katika njia yenyewe: walihesabu zile tu zilizokubali kuota mu labo, na nyingi za chini zinaishi polepole mno, hazikubali. Wasomi wengi walikaa na mpaka ule miaka mingi, na sioni sababu ya kuwalaumu sana, maana vyombo vya wakati ule ndivyo vilikuwa hivyo.

ZoBell alikufa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1994 wachunguzi walitangaza mikrobi kwenye zaidi ya mita 500 chini ya sakafu ya Pasifiki. Mwaka wa 2012 meli ya Japani, Chikyu, ilichimba karibu kilomita 2 na nusu, ikazikuta hata huko, ndani ya makaa ya mawe ya zamani sana, na zingine zinatengeneza metani. Sisi wakaaji wa kando ya Kivu gesi hiyo tunaijua: sehemu kubwa ya ile iliyo chini ya ziwa letu ni kazi ya mikrobi, ndugu za zile za baharini.