Mirambo: Mtemi ambaye vita vyake vinafundishika mezani

Wanafunzi wengi wanamjua Mirambo kwa mistari miwili mitatu ya daftari: Mnyamwezi, ruga-ruga, alipigana na Waarabu wa Tabora. Wanakariri, na mtihani ukiisha wanasahau. Lakini huyu jamaa alishinda kwa kuhesabu njia, umbali na muda, na hayo yanaonekana vizuri zaidi kwenye ramani iliyotandikwa mezani.

Mtoto wa Uyowa

Alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa Mtemi Kasanda wa Uyowa, himaya ndogo magharibi ya Tabora. Jina lake la awali ni Mtyela. Mirambo ni jina la vitani, na kwa Kinyamwezi linahusishwa na maiti.

Ujanani aliwafahamu Wangoni waliofika kutoka kusini, wale walioitwa Watuta. Akachukua mbinu zao: vijana wanaotembea haraka na kushambulia kwa ghafla. Akaongeza na bunduki. Hao ndio ruga-ruga wake. Miaka ya 1860 akaanza kuunganisha himaya za jirani, na eneo lake likaja kuitwa Urambo.

Kaa kwenye njia

Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, yaani maeneo ya Dodoma ya leo, ikilipa hongo kwa watemi wa Kigogo, hadi Tabora. Kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Mirambo alikaa karibu na njia zote mbili. Pembe za ndovu zilipita kwake, kwa hiyo naye alitaka hongo. Wafanyabiashara wa Tabora, waliomuunga mkono Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, hawakukubali. Mwaka 1871 Mirambo akafunga barabara ya Ujiji.

Agosti 1871

Waarabu wakakusanya jeshi la watu zaidi ya 2,000. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akajiunga nao. Wakateka kijiji cha Zimbizo. Kisha Soud bin Said akaenda na kikosi chake kuteka Wilyankuru, na kweli akakiteka.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mirambo hakung'ang'ania kijiji. Aliacha wachukue mateka na pembe, akajificha na watu wake kwenye nyasi kando ya njia. Kikosi kiliporudi kimelemewa na mizigo, kikavamiwa. Soud akauawa, na wengine wote wakakimbia, Stanley akiwemo. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa mji, akauawa.

Stanley ikabidi azunguke kusini ili afike Ujiji.

Igeuze kuwa mchezo

Maofisa wa Prusia walifundishwa vita kwa vipande juu ya ramani tangu mwaka 1824. Darasani Dodoma hakuna haja ya vinyago vya gharama. Chora njia kwenye karatasi kubwa. Vizibo vya soda viwe misafara, punje za mahindi ruga-ruga, maharage jeshi la Tabora.

Weka kanuni tatu. Kikosi kisicho na mzigo kinatembea hatua mbili, chenye mzigo hatua moja. Upande wa Mirambo unaruhusiwa kumwandikia mwalimu mahali ulipojificha. Upande wa Tabora unapata pointi kwa kila pembe inayofika mjini.

Tamaa ya pembe ndiyo itakayowachelewesha njiani. Mwanafunzi akishapoteza maharage yake yote hivyo, hahitaji tena kukaririshwa kwa nini Soud alikufa.

Kipande kimoja kikiondoka

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, kisha ikaja suluhu. Mwaka 1876 Stanley alirudi, safari hii wakachanjiana udugu, na akamlinganisha na Napoleon. Mirambo akajenga urafiki na Waingereza kupitia balozi wao Zanzibar, John Kirk. Mmisionari daktari, Ebenezer Southon, akaishi Urambo tangu 1879. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, wakauawa kwenye vita vya ruga-ruga, na urafiki na Kirk ukaharibika.

Mirambo alifariki kwa ugonjwa Desemba 1884. Mrithi wake Mpandashalo hakuweza kuishika himaya, ikasambaratika ndani ya miaka michache, wakati Wajerumani wanaingia.

Hilo nalo lionyeshwe mezani: mwisho wa mchezo, ondoa kipande cha Mirambo, kisha waambie wanafunzi waendelee. Watauliza wenyewe nani sasa anawaongoza ruga-ruga, na nani anakusanya hongo. Mwaka 1885 Urambo nayo ilikuwa na maswali hayo hayo.