Niliporudi kwa Shaaban Robert

Likizo iliyopita, nikipanga vitu katika nyumba ya marehemu baba hapa Nyamache, nilikuta kitabu kidogo kilichopoteza jalada, pembe zake zimeliwa na mende. Kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la kutahiniwa. Sisi watoto wa Wagusii tuliiona lugha hiyo kuwa mali ya watu wa pwani, nasi tulikuwa wageni tu mlangoni.

Laiti ningalijua wakati ule habari za mwandishi mwenyewe! Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao. Kumbe huyo ambaye vizazi vimemtukuza kuwa bingwa wa Kiswahili, nasaba yake ilitoka bara. Alijiita Mswahili kwa sababu aliipenda lugha, akaishi ndani yake. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka michache mjini Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926. Chuo kikuu hakukiona. Baada ya hapo aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine.

Mchana, basi, aliwatumikia wakoloni, na katika saa zake mwenyewe aliandika. Alifiwa na mkewe Amina, akamlilia kwa shairi ambalo wanafunzi wengi wamelisoma. Aliwatungia watoto wake tenzi za mawaidha. Mwaka 1951 ilitoka Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Utotoni niliisoma kama ngano ya safari za ajabu. Leo naona kwamba karani wa serikali ya kigeni alikuwa akiuliza, mbele ya mabwana zake, kwa nini mtu aadhibiwe kwa kutaka nchi yake iwe njema. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, na baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapishwa yeye akiwa kaburini.

Lakini nirudi kwenye kile kitabu kilicholiwa na mende. Katika kumbukumbu yangu yalikuwa yamebaki manyani wawili tu, wanaochapwa kila usiku na liwali wa Janibu. Tulicheka sana. Mwalimu wetu naye alikuwa na fimbo, na kila aliyekosea hesabu aliitwa nyani. Tuliona kwamba kitabu kimemuunga mkono: mkosaji ni mnyama, na dawa ya mnyama ni kiboko. Nami nilipokuwa mwalimu, niliirithi fimbo hiyo pamoja na kicheko chake.

Safari hii nilisoma polepole, na kicheko kikanikauka. Manyani wale ni ndugu wa damu wa Adili, waliomtosa baharini kwa husuda, wakageuzwa na jini. Adili hawachapi kwa kupenda. Ameamriwa, na kila pigo linamuumiza yeye pia. Akimaliza, huwaandalia chakula na kuwabembeleza. Jambo hilo linapofika kwa Mfalme Rai, mfalme hashangilii adhabu, bali anawaombea msamaha, na mwishowe ndugu wale wanarudi kuwa watu. Wenye kujua husema kisa hiki kinafanana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambacho mwishowe ndugu waovu wanauawa. Shaaban Robert aliuacha mwisho huo. Alichagua toba na suluhu.

Mambo hayo yote yalikuwa kitabuni tangu zamani. Niliyakosa kwa kuwa nilisoma kwa macho ya mtoto aliyezoea kuchapwa. Mwaka 2001 serikali yetu ilipiga marufuku viboko shuleni, nami nilikuwa miongoni mwa walionung'unika kwamba watoto wataharibika. Nilihitaji sheria inizuie mkono, ilhali karani wa Tanga alikwisha nifundisha sababu yake nikiwa mtoto.

Walimu wenzangu, tusiwafundishe wanafunzi vitabu hivi kwa ajili ya kutaja wahusika na maudhui katika mtihani, kisha tukavifunga. Kabla ya kuingia darasani, tuvisome upya sisi wenyewe, kana kwamba hatujapata kuviona. Nanyi wanafunzi, msivitupe wala msiviuze vitabu vyenu mtihani ukiisha. Viwekeni hata darini. Ipo siku mtavirudia mkiwa na mvi, na huenda mkakuta humo jina la mtu mnayepaswa kumwomba radhi. Mimi nimewakuta wengi.