Mwalimu Nyerere, UPE na ile ada ya 20,000

Leo naomba niongelee Mwalimu Nyerere, lakini sio yule wa kwenye noti ya buku. Naongelea mtoto wa Butiama, mzaliwa wa 1922, aliyeanza shule mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Chelewa chelewa hiyo! Akapita Tabora, Makerere, mpaka Edinburgh. Aliporudi akafundisha Pugu, na 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya TANU. Jina la Mwalimu likabaki.

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana kupinga masharti ya JKT. Jamaa akawarudisha makwao karibu 400, halafu akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Nani anaweza leo?

1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa. 1974 Azimio la Musoma likataka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Hapa ndo penye ishu. Walimu hawakutosha, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Huku kwetu, Mbeya mpaka Iringa, mpaka leo utasikia mtu anaitwa mwalimu wa UPE kwa kejeli. Mimi siwacheki. Mama yangu alifundishwa kusoma na mmoja wao, na Biblia anaisoma bila kukwama.

Ila hela ilikata. Mafuta yalipanda bei, ikaja vita ya Kagera 1978, na miaka ya 80 wazazi wakaanza kuchangishwa tena. Mwalimu aling'atuka 1985, akafia London tarehe 14 Oktoba 1999. Hakuiona ada ya msingi ikifutwa tena 2001, wala ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kuanzia Januari 2016.

Mimi nilisoma shule moja ya kata huku Mbeya kabla ya hapo. Ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka, mzee anauza mahindi inapatikana. Iliyomtoa jasho ni michango: dawati, mlinzi, mitihani. Na fizikia hatukuwa na mwalimu mpaka tunafika form three, matokeo yangu msiniulize. Mdogo wangu kasoma pale pale, bure kabisa. Wa fizikia alimkuta mmoja tu, shule nzima.

Nawasilisha.