Louis Vierne: Mpiga kinanda asiyeona vizuri aliyefia kazini Notre-Dame

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 7, 2024, milango ya Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris, Ufaransa, ilipofunguliwa tena baada ya janga la moto la Aprili 15, 2019, moja ya matendo ya kwanza ya ibada lilikuwa ni kukiamsha kinanda kikuu. Askofu Mkuu Laurent Ulrich alikiita mara nane, na kila alipokiita, wapiga kinanda walimjibu kwa sauti za mabomba yaliyokuwa kimya kwa zaidi ya miaka mitano.

Moto huo haukukiteketeza kinanda. Hata hivyo, vumbi la madini ya risasi lililotoka kwenye paa lililoungua lilikichafua, ikabidi kifunguliwe, kisafishwe, na mabomba yake yapatayo 8,000 yawekwe sawa upya.

Kwa wapenzi wa muziki wa kanisani duniani, ni vigumu kukitaja kinanda hicho bila kulitaja jina la Louis Vierne. Alikipiga kwa miaka 37, huku macho yake yakiwa na nuru hafifu mno, akapoteza ndoa, mama, wanawe wawili na ndugu yake, na hatimaye akakata roho akiwa ameketi mbele yake.

Alisikia kabla ya kuona

Vierne alizaliwa Oktoba 8, 1870 katika mji wa Poitiers, akiwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Baba yake, Henri, alikuwa mwandishi wa habari. Katika miaka ya mwanzo ya maisha yake mtoto huyo hakuona takriban chochote, lakini masikio yake yaliwashangaza wazazi. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka miwili alisikia wimbo wa kubembelezea watoto ukipigwa kwenye piano, naye akaanza kuzitafuta noti zake mwenyewe.

Alipofikia umri wa miaka sita alifanyiwa upasuaji. Hakupona kabisa, ila alipata uwezo wa kutambua watu na vitu, na kusoma maandishi makubwa kwa shida. Nuru hiyo kidogo ndiyo aliyoishi nayo, na hata hiyo ikaendelea kufifia kadiri umri ulivyosonga.

Mjomba wake, Charles Colin, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Muziki cha Paris, yaani Conservatoire, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusisitiza kwamba mtoto huyo asomeshwe muziki. Familia ilihamia Paris mwaka 1880, na huko kijana Vierne akamsikia kwa mara ya kwanza César Franck akipiga kinanda katika Kanisa la Sainte-Clotilde. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Alipelekwa katika taasisi ya taifa ya vijana wasioona, shule ambayo Louis Braille, mbunifu wa maandishi ya nukta nundu, aliwahi kusoma na kufundisha. Shule hiyo ilikuwa imetoa wapiga kinanda wengi wa makanisa ya Ufaransa, kwa kuwa kazi hiyo iliwapa wasioona riziki ya heshima. Vierne alijifunza humo piano, fidla na kinanda. Mwaka 1886 baba yake alifariki dunia.

Miaka 17 bila mshahara

Oktoba 1890 Vierne alijiunga rasmi na darasa la Franck katika Conservatoire. Furaha hiyo ilidumu wiki chache tu, kwani Novemba 8 mwaka huo mwalimu wake alifariki dunia.

Nafasi ya Franck ilichukuliwa na Charles-Marie Widor, mpiga kinanda wa Kanisa la Saint-Sulpice, mtu aliyekuwa na msimamo mkali juu ya nidhamu ya vidole na miguu. Wanafunzi waliozoea upole wa Franck walilazimika kuanza upya. Vierne alistahimili, na mwaka 1892 Widor akamfanya msaidizi wake kanisani. Mwaka 1894 alipata tuzo ya kwanza ya chuo katika upigaji kinanda.

Kuanzia mwaka huo alimsaidia Widor kufundisha darasa hilo, na baadaye akamsaidia Alexandre Guilmant aliyempokea Widor kijiti. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1911 bila malipo, kwa matumaini kwamba siku moja kiti cha uprofesa kingekuwa chake.

Mwaka 1900 ilitangazwa nafasi ya mpiga kinanda mkuu wa Notre-Dame, kufuatia kifo cha Eugène Sergent aliyeishika tangu mwaka 1847. Ulifanyika ushindani, na Mei 21 waamuzi walimchagua Vierne kwa kauli moja. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kinanda alichokabidhiwa kilitengenezwa na fundi mashuhuri Aristide Cavaillé-Coll na kuzinduliwa mwaka 1868. Kilikuwa na safu tano za vibao vya mikono, safu ya vibao vya miguu, na aina 86 za sauti ambazo mpigaji huzifungua na kuzifunga kadiri anavyotaka. Kinanda cha aina hiyo hutoa sauti kwa hewa inayosukumwa ndani ya mabomba, na kinaweza kunong'ona kama zumari moja au kunguruma kama bendi nzima. Kwa sababu hiyo watunzi wa Ufaransa wa wakati huo walianza kukitungia simfoni, kama vile watunzi wengine wanavyoitungia okestra.

Vierne ni miongoni mwa vinara wa utunzi huo. Aliandika simfoni sita za kinanda, ya kwanza ikikamilika mwaka 1899 na ya mwisho mwaka 1930. Misa yake kuu ya kwaya na vinanda viwili ilisikika kwa mara ya kwanza Saint-Sulpice mwaka 1901, Widor akiwa kwenye kinanda kikubwa na Vierne mwenyewe kwenye kinanda cha kwaya.

Namna alivyoandika ni somo la pekee. Katika miaka ya awali alitumia karatasi kubwa kuliko za kawaida na penseli nene, uso wake ukikaribia kugusa meza. Macho yalipozidi kudhoofu alihamia kwenye nukta nundu.

Misiba juu ya misiba

Kuanzia mwaka 1906 maisha yake yaliingia katika mfululizo wa mapigo. Mwaka huo alitumbukia kwenye shimo katika mtaa wa Paris na kuvunjika mguu vibaya, kiasi kwamba ilihofiwa ungekatwa. Kwa mpiga kinanda, mguu ni kiungo cha kazi sawa na mkono, kwa kuwa noti za besi hupigwa kwa nyayo. Mguu ulipona, lakini alilazimika kujifunza upya namna ya kuutumia.

Mwaka 1909 ndoa yake na Arlette Taskin, waliyefunga naye pingu za maisha mwaka 1899, ilivunjwa kwa talaka. Mwaka 1911 mama yake alifariki dunia. Mwaka huohuo alifariki Guilmant, na kiti cha uprofesa ambacho Vierne alikisubiri kwa miaka 17 kikapewa Eugène Gigout. Vierne aliondoka Conservatoire, akaenda kufundisha katika chuo cha Schola Cantorum.

Mwaka 1913 mwanawe André alifariki kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka uliofuata vita kuu vikaanza, na simfoni yake ya nne, aliyoitunga mwaka huo wa 1914, ina giza ambalo halimo katika zile za kabla yake.

Mwaka 1916 Vierne alikwenda Uswisi kutibiwa presha ya macho iliyotishia kumnyang'anya nuru kidogo aliyobakiwa nayo. Safari iliyokusudiwa kuwa ya miezi michache ilidumu hadi mwaka 1920. Akiwa huko mbali, mwanawe mkubwa, Jacques, aliyekuwa ameingia jeshini kwa idhini ya baba, alifariki mwaka 1917 akiwa kijana wa miaka 17. Mei 1918 ndugu yake, René, naye mpiga kinanda na mtunzi, aliuawa vitani.

Kifo cha Jacques ndicho kilichomwumiza kuliko vyote, kwani ruhusa ya kwenda jeshini aliitoa yeye mwenyewe. Hakuandika maombolezo ya maneno. Alitunga kazi ya piano na ala nne za nyuzi, akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya mwanawe. Wajuzi wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake bora kupita zote, ingawa haina kinanda hata kidogo.

Kinanda kilichochakaa

Aliporejea Paris mwaka 1920 alikuta kinanda chake kimechakaa kwa kukosa matunzo katika miaka ya vita. Tangu sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali, kanisa hilo kuu lilikuwa mali ya dola, na fedha za matengenezo hazikupatikana kwa urahisi. Mshahara wake nao ulikuwa mdogo, usiolingana na ukubwa wa cheo.

Uhusiano wake na Marcel Dupré, aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyemshikia nafasi Notre-Dame wakati wa ugonjwa, nao uliharibika. Dupré alikuwa akipata sifa katika ziara za nje ambako alitangazwa kama mpiga kinanda wa Notre-Dame, jambo lililomkera Vierne. Wawili hao hawakupatana tena.

Faraja aliipata kwa Madeleine Richepin, mwimbaji aliyemsaidia kuendesha shughuli zake na kuimba tungo zake. Katika kipindi hicho alirudi kutembea na kupiga maonyesho nje ya nchi. Mwaka 1927 alifanya ziara ndefu Marekani na Kanada, ambako kumbi zilijaa, na sehemu ya madhumuni yake ilikuwa kutafuta msaada wa kukitengeneza kinanda cha Notre-Dame. Matengenezo hayo yalikamilika mwaka 1932.

Kati ya mwaka 1926 na 1927 alitunga pia vipande 24 vya kinanda vilivyokusanywa katika mikupuo minne. Kimoja kati ya hivyo kimejengwa juu ya mlio wa kengele za saa ya Bunge la Uingereza, Westminster, mlio ambao umeigwa na saa za ukutani katika nyumba nyingi duniani. Ndicho kipande chake kinachojulikana zaidi, na hupigwa sana mwishoni mwa ibada.

Onyesho la mwisho

Juni 2, 1937, Vierne, akiwa na umri wa miaka 66, alipanda kwenye kinanda chake kwa onyesho alilolihesabu kuwa la 1,750 katika maisha yake. Widor alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Pembeni yake alikuwapo Maurice Duruflé, mwanafunzi na msaidizi wake.

Alipiga kazi yake mpya yenye sehemu tatu, ambayo sehemu ya mwisho jina lake lina maana ya jiwe la kumbukumbu ya mtoto aliyefariki. Aliimaliza bila kosa. Kilichofuata katika ratiba kilikuwa kutunga papo hapo juu ya wimbo wa kale wa Bikira Maria. Alichagua sauti za kutumia, kisha ghafla akaanguka mbele. Mguu wake ulitua juu ya kibao cha noti ya E ya chini, na noti hiyo moja ikasikika kanisa zima. Wasikilizaji waliokaa chini walidhani ndiyo anaanza. Duruflé aliyekuwa kando yake alijua kwamba sivyo.

Kwa muda mrefu Vierne alikuwa amewaambia watu wake wa karibu kwamba angependa kufa akiwa kwenye kinanda cha Notre-Dame. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Alichoacha

Nafasi yake alipewa Léonce de Saint-Martin, uteuzi uliozua malalamiko kwa sababu haukupitia mashindano kama yale ya mwaka 1900. Duruflé aliendelea katika Kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, na mwaka 1947 alitoa misa ya wafu inayoimbwa na kwaya nyingi hadi leo. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Vierne yumo pia Nadia Boulanger, mwalimu aliyekuja kuwafundisha watunzi wa karne ya 20 kutoka Ulaya na Marekani.

Sauti ya mikono yake mwenyewe imehifadhiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alirekodi Notre-Dame tungo za Bach na vipande vitatu alivyovitunga papo hapo. Rekodi hizo zina mikwaruzo ya mitambo ya zama zile, lakini zinamwonyesha mpigaji mwenye utulivu na mpangilio, asiyepapatika.

Vyeo na fedha alivyovitumainia vilimpita, na watu aliowapenda walimtangulia wengi wao. Kilichobaki ni simfoni sita ambazo mwanafunzi yeyote wa kinanda anayetaka kuhitimu katika vyuo vikubwa hukutana nazo, na kinanda ambacho kimeuvuka moto na bado kinapigwa kanisani mule.