Brassaï na Usiku wa Paris

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Popote apitapo huonekana, na kila jicho humwandama. Gyula Halász aliyajua hayo kwa kuyaishi, maana aliingia jijini Paris mwaka wa 1924 akiwa na umri wa miaka 24, bila kazi ya kudumu na bila Kifaransa cha kutosha. Mchana ulikuwa wa wenyeji. Yeye alijichagulia usiku, saa ambazo kuku mweupe hana weupe wake, na picha alizozipiga gizani ndizo zilizomfanya ajulikane kote ulimwenguni kwa jina la Brassaï.

Jina hilo halikuwa la ukoo. Halász alizaliwa tarehe 9 Septemba 1899 katika mji wa Brassó, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Hungaria na leo ni Brașov, nchini Romania. Brassaï maana yake ni mtu wa Brassó, kama vile sisi tunavyomwita mtu wa Amu Mwamu. Baba yake alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kifaransa, na mwanawe alipokuwa mtoto mdogo familia ilikaa Paris kwa takriban mwaka mmoja. Kijana huyo baadaye alitumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza, akasomea sanaa Budapest na Berlin, kisha akarejea katika jiji lile la utotoni. Aliishi kwa kuandikia magazeti ya ughaibuni. Kifaransa alijifunza kwa kusoma riwaya za Marcel Proust, jambo ambalo ni sawa na mgeni kuanza kujifunza Kiswahili kwa tenzi za kale! Wanafunzi wenzangu wanaolalamikia silabasi na watafakari hapo.

Ajabu ni kwamba mwanzoni aliidharau kazi ya upigaji picha. Alijiona mchoraji na mwandishi. Hata hivyo, makala zake zilihitaji picha, na matembezi yake ya usiku yalimwonyesha mambo ambayo kalamu ilishindwa kuyabeba. Mhungaria mwenzake, André Kertész, alimfungua macho kuhusu uwezo wa kamera. Ilipofika mwaka wa 1930, Brassaï alikuwa tayari na kamera yake ya Voigtländer, iliyotumia mabamba ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 6.5 kwa 9.

Inafaa tukumbuke ugumu wa kazi hiyo. Mabamba ya wakati ule yaliunasa mwanga polepole mno, hivi kwamba picha moja ya barabarani ilidai kamera itulizwe juu ya stendi ya miguu mitatu na lenzi iachwe wazi kwa dakika kadhaa. Brassaï aliupima muda huo kwa sigara. Akiwasha Gauloise, lenzi ilifungwa sigara ilipokwisha. Mahali palipokuwa na giza zaidi aliwasha Boyard, ambayo ni nene na huchelewa kuisha. Aidha, mabamba ya kioo ni mazito, kwa hiyo alibeba machache tu kila usiku na kulazimika kufikiri kabla ya kulitumia hata moja. Polisi waliomkuta amesimama kando ya mto usiku wa manane walimshuku. Akaanza kutembea na baadhi ya picha zake, ili awaonyeshe kuwa kweli usiku unapigika picha.

Wengi hudhani kwamba tatizo la mpigapicha wa usiku ni upungufu wa mwanga. La hasha. Tatizo kubwa zaidi ni mwanga usio na kiasi kando ya giza lisilo na kiasi. Taa ya barabarani ikielekea lenzi moja kwa moja, huacha doa jeupe linaloyameza yote yaliyo karibu nayo. Brassaï aliisogeza kamera mpaka taa ikajificha nyuma ya mti au nguzo, ukabaki mwangaza wake tu. Alizipenda pia mvua na ukungu: mawe ya barabarani yaliyolowa hurudisha mwanga kama kioo, nao ukungu huutandaza na kulilainisha giza. Picha yake ya mwaka wa 1934 ya barabara ya Observatoire, penye taa za gari ndani ya ukungu, inatosha kuwa ushahidi.

Kitabu chake Paris de nuit kilitoka mwishoni mwa 1932, na sifa zikamjia mara moja. Lakini picha alizowapiga wahuni, makahaba na wavutaji wa kasumba nyingi zilibaki kabatini. Wapo wanaomlaumu kwamba baadhi ya matukio hayo yalipangwa, na kwamba rafiki zake waliigiza. Lawama hiyo ina ukweli wake. Kwa maoni yangu, hata hivyo, inaisahau kamera yenyewe: asiyetulia mbele ya bamba kama lile hugeuka kivuli, kwa hiyo ilimbidi Brassaï aombe ridhaa ya watu. Genge moja la wezi karibu na Place d'Italie lilipokea malipo yake ili lipigwe picha, kisha likamwibia pochi. Hakwenda kushtaki. Aliona kwamba kila upande ulikuwa umefanya kazi yake.

Mnamo 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Paris. Taa zilifunikwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Usiku aliokuwa ameujua kichochoro kwa kichochoro ukachukuliwa. Mpigapicha aliyetaka kufanya kazi yake hadharani alihitaji kibali cha watawala hao wapya, naye Brassaï alikataa kukiomba. Hilo lilimnyima riziki. Aliyemwokoa ni mchoraji Pablo Picasso, aliyempa kazi ya kupiga picha za sanamu zake. Mazungumzo ya wawili hao, ambayo Brassaï aliyaandika, yalichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1964.

Alimwoa Gilberte Boyer mwaka wa 1948, na mwaka uliofuata akawa raia wa Ufaransa. Zile picha za kabatini zilitoka mwaka wa 1976, zikiandamana na maelezo yake mwenyewe, wakati wengi wa waliopigwa walikuwa wamekwisha kufa au kutoweka. Naye aliaga dunia tarehe 8 Julai 1984 kusini mwa Ufaransa, akarudishwa Paris na kuzikwa katika makaburi ya Montparnasse. Brassó, mji aliouchukua ukawa jina lake, hakurudi kuuona tena.