August Wöhler: Mjerumani aliyetufundisha kuwa chuma nacho huchoka

MSIMU wa mavuno ya mpunga wilayani Kyela, mashine za kukoboa hazipati mapumziko. Shafti ikikatika siku hizo, mwenye mashine hupata hasara mara mbili: hulipa fundi, na wateja huhamisha magunia kwa jirani. Lawama huenda kwa mzigo mzito au chuma kibovu. Mara nyingi chuma kilikuwa kizuri, ila kimechoka.

Aliyetusaidia kuelewa uchovu huo ni August Wöhler, aliyezaliwa mwaka 1819 huko Soltau, Ujerumani ya kaskazini. Alisomea ufundi mjini Hannover, akafanya kazi katika kiwanda cha vichwa vya treni cha Borsig, Berlin, kisha akaenda Ubelgiji kujifunza kuendesha treni. Mwaka 1847 alikabidhiwa karakana na mabehewa ya reli iliyounganisha Berlin na Breslau.

Wakati huo ekseli za treni zilikuwa zikikatika bila onyo. Mwaka 1842, ekseli moja ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na abiria zaidi ya 50 wakafa. Ajabu ni kwamba ekseli za namna hiyo zilikuwa zimebeba mzigo uleule kwa muda mrefu bila tatizo.

Wöhler hakukisia. Alifunga kwenye mabehewa kifaa kilichochora alama juu ya bati la zinki, akajua ekseli inapinda kiasi gani safarini. Kisha akatengeneza mashine za kuzungusha vyuma vikiwa na mzigo, vingine mamilioni ya mizunguko, na matokeo akayachapisha hadi mwaka 1870.

Aligundua kwamba mzigo mdogo unaorudiwa huweza kukata chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukikati. Ni kama waya: ukiuvuta haukatiki, lakini ukiukunja na kuukunjua mara nyingi unakatika. Alionyesha pia kuwa mahali unene wa shafti unapobadilika ghafla, kwenye kona kali, ndipo udhaifu ulipo. Mzigo ukishushwa vya kutosha na kona zikiviringwa, chuma hudumu sana.

Wöhler alistaafu mwaka 1889 akiwa katika uongozi wa reli mjini Strasbourg, akafariki Hannover mwaka 1914, akiwa na miaka 94.

Somo lake linatuhusu hasa tunapofufua shafti iliyolika. Fundi huijaza kwa kuchomelea, tabaka juu ya tabaka. Leo viwanda vikubwa duniani huunda vipuri vizima kwa njia ya kufanana na hiyo: mashine huyeyusha unga wa chuma kwa mwanga wa leza, tabaka baada ya tabaka. Kipuri kikitoka hapo huwa na uso wenye mikwaruzo, vitundu vidogo ndani, na mkazo uliobaki baada ya kupoa. Kila kimojawapo ni mlango wa ufa. Kwa hiyo viwanda hukipasha joto, hukibana kwa joto na shinikizo ili vitundu vizibe, hukikereza, na hata hukipiga kwa vigololi ili uso ukaze. Kazi hiyo ya baada ndiyo inayoamua kitadumu kiasi gani.

Mwenye mashine wa Ipinda au Kyela mjini hana leza, lakini kanuni ni ileile. Mwambie fundi apashe shafti joto kabla ya kuchomelea, na asiimwagie maji ikiwa ya moto. Aizike kwenye majivu makavu ipoe polepole. Majivu ya maganda ya mpunga hutunza joto vizuri. Hata viwanda vya chuma huyatumia kufunika chuma kilichoyeyuka. Kisha shafti ikerezwe, kona ziviringwe, na uso upigwe msasa hadi uwe laini. Ukiona ufa, usiufunike kwa kuchomelea juu. Uchimbwe wote kwanza. Na kama shafti imepasuka sana, nunua mpya.

Kukereza na kulainisha kunaongeza gharama, na wengi hukwepa hapo. Kabla hujakwepa, piga hesabu: kazi hiyo itagharimu kiasi gani, na siku moja ya mashine kusimama katikati ya mavuno itakupotezea kiasi gani? Mashine ikisimama, anayelipa ni wewe, wala si fundi.